Vitufe Visivyo na Majina

Esnath alikuwa akitengeneza tovuti katika chumba kimoja cha ghorofani mjini Tukuyu, juu ya duka la stationari, mahali ambapo baridi ya Juni humfanya mtu achape kazi amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alizaliwa kijijini Kisondela, akasomea kompyuta chuoni Mbeya, akarudi nyumbani wakati wenzake wengi wakishukia Dar es Salaam na kubaki huko. Mjini walimwita yule dada wa mitandao. Aliwatengenezea kurasa wenye nyumba za wageni, shule binafsi, kwaya moja ya kanisani, na hatimaye Umoja wa wakulima wa parachichi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Tovuti ya Umoja haikuwa ya mapambo. Mkulima aliingia kwa simu yake, akaona siku ambayo gari la kukusanya mazao lingepita kijijini kwake, akajiandikisha kwamba ana mzigo. Asiyejiandikisha, gari lilimpita. Na parachichi zikishakomaa hazimsubiri mtu. Zikikosa gari, nyingi huishia kuwa chakula cha nguruwe.

Esnath aliijivunia kazi ile. Aliweka picha ya Mlima Rungwe juu kabisa, akapanga vitufe vya kijani vyenye michoro midogo ya kalamu, kikapu na gari. Mwenyekiti wa Umoja, Mzee Ambindwile, aliiangalia, akasema inapendeza kama kadi ya harusi.

Asubuhi moja alisikia fimbo ikigonga ngazi, polepole, kidato kwa kidato. Alipofungua mlango alimkuta Mwalimu Cosmas.

Mwalimu Cosmas alikuwa mtu wa Tabora. Alipangiwa kazi Rungwe akiwa kijana, akaoa Kisondela, akasahau kurudi kwao. Ndiye aliyemfundisha Esnath hesabu shule ya msingi. Baadaye presha ya macho ikaanza kumla uwezo wa kuona, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka akaacha kazi kabla ya wakati wake. Hakukaa bure. Alipanda parachichi nyuma ya nyumba yake, na mti mmoja mmoja aliujua kwa viganja.

"Shikamoo, Mwalimu. Umepandaje ngazi hizi?"

"Marahaba. Kwa miguu, kama wengine." Akakitafuta kiti kwa fimbo, akaketi. "Esnath, nimejiunga na Umoja wenu. Nimeingia kwenye huo mtandao wako. Hebu sikiliza."

Akaitoa simu yake na kuiweka mezani. Ilikuwa simu ya kawaida, ila alikuwa amewasha ile sauti inayosoma kila kitu ambacho kidole kinagusa. Akapitisha kidole juu ya kioo. Simu ikasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Ilipofika kwenye maandishi, sauti ikabadilika, ikawa inasoma Kiswahili kwa ulimi wa mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, maneno yakivunjikavunjika hata Esnath mwenyewe, aliyeyaandika, hakuyaelewa.

"Kitufe cha pili ni cha nini?" Mwalimu akauliza.

Esnath akachungulia. "Cha kujiandikisha, Mwalimu."

"Na cha kwanza?"

"Cha kujitoa."

Mwalimu Cosmas akacheka kidogo. "Basi nadhani juzi nimejitoa."

Esnath hakucheka. Alikuwa amechora kalamu na kikapu bila kuandika chini yake, mahali ambapo simu husoma, kwamba hiki ni nini na kile ni nini. Tena aliuacha ukurasa ujitambulishe kwa simu kuwa wa Kiingereza, kwa sababu ndivyo programu ilivyokuja na hakuona haja ya kubadilisha. Hakufanya kwa ubaya. Chuoni hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna watu wanaousoma ukurasa kwa masikio.

"Nitarekebisha," akasema.

"Sijaja kukugombeza. Ningetaka kukugombeza ningekuja na chaki."

Masika ile yote Esnath aliimaliza akijifunza upya. Alijifunga kitambaa machoni akajaribu kujiandikisha kwenye tovuti yake mwenyewe, akashindwa, jasho likamtoka kwenye baridi. Jumamosi alipanda bodaboda kwenda Kisondela, tope likimrukia hadi magotini, akaketi barazani kwa Mwalimu na kompyuta yake mapajani. Mke wa Mwalimu, Mama Sekela, aliwawekea ndizi za kuchemsha na chai, akawaacha wabishane.

Mwalimu alikuwa mkali kama zamani. Esnath akimwambia, "Kitufe kiko pale chini kulia," alimkatiza. "Usiniambie kiko wapi. Niambie kinaitwaje."

Kwa hiyo kila kitufe kikapata jina. Kila sehemu ikapata kichwa cha habari, ili Mwalimu aruke kutoka kimoja hadi kingine bila kusikiliza ukurasa mzima. Zamani mtu akikosea kuandika, kisanduku kilizungukwa na mstari mwekundu tu. Sasa ukurasa ulimwambia kwa maneno amekosea wapi. Na lugha ikawa Kiswahili, hata kwa simu. Waliotumia macho hawakuona tofauti, isipokuwa wachache waliosema siku hizi mtandao umekuwa mwepesi.

Mchana mmoja Mwalimu akampigia.

"Nimejiandikisha," akasema.

"Mama Sekela amekusaidia?"

"Mama Sekela yuko sokoni. Niko peke yangu hapa."

Jogoo aliwika huko Kisondela.

"Basi, nilitaka kukwambia hilo tu," Mwalimu akasema, akakata simu.

Msimu ule mzigo wa Mwalimu Cosmas uliondoka wote. Gari lilipokuja alikuwa amesimama barabarani kabla ya jirani zake, kreti zimepangwa, na dereva aliposoma majina alijibu "nipo" kwa sauti ya darasani. Esnath alisimuliwa na Mama Sekela. Katika kazi zote alizowahi kufanya, hiyo ndiyo aliyoiona ina maana, ingawa hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata katibu wa Umoja, Beatrice, alimwita ofisini. Beatrice alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kushughulika kila wakati, na siku ile alikwepa kumtazama machoni. Umoja ulikuwa umepata mfadhili. Mfadhili alikuwa na mfumo wake, uliotengenezwa na kampuni ya Dar es Salaam, na msaada ulikuja pamoja na mfumo. Kuukataa mfumo ni kuukataa msaada wote.

"Si kwamba yako ilikuwa mbaya, mdogo wangu," Beatrice akasema. "Unaelewa lakini."

Esnath alielewa. Kazi ni kazi, na mwenye mali akitaka fundi mwingine hana wa kumzuia. Akakabidhi maneno ya siri na kila kitu. Aliomba jambo moja tu: hao mafundi wapya waambiwe kwamba kuna wanachama wasioona. Beatrice akaahidi, na kwa kweli aliwaambia.

Mfumo mpya, uliokuja pia kama programu ya kuweka kwenye simu, ulikuwa mzuri kutazama. Matangazo yote yalikuja kama mabango ya rangi, maneno yakiwa ndani ya picha. Siku za gari zilipangwa kwenye kalenda ya kuburuta kwa kidole. Na kabla ya kuingia, mtu alionyeshwa picha ndogondogo akaambiwa achague zote zenye magari, ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu.

Haikupita wiki, Mwalimu akapiga simu.

"Esnath, umebadilisha nini?"

"Si mimi, Mwalimu. Wamepewa wengine."

"Inaniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti."

"Ndiyo."

"Nithibitisheje?"

Esnath akashika tama. Aliufungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akautazama kwa ndani, kule ambako mafundi huandika, na kila tatizo alilitambua kama mtu anavyoitambua nyumba aliyowahi kuijenga. Hapa palihitaji jina. Pale palihitaji njia ya pili ya kuthibitisha, kwa ujumbe wa simu labda. Matangazo yalihitaji kuandikwa kama maandishi, basi. Haikuwa kazi ya kumshinda mtu. Lakini aliitazama kama mtu anayetazama chumba chake cha zamani kupitia dirishani, mlango umefungwa, ufunguo hana.

"Ngoja nijaribu kuongea nao," akasema.

Akawaandikia wale wa kampuni. Aliandika kwa adabu, akaeleza kila tatizo na dawa yake, akaomba hata kusaidia bure. Akajibiwa upesi, na kijana mmoja mchangamfu akampigia kabisa.

"Dada Esnath, asante sana kwa maoni. Tumeyaingiza kwenye mpango. Toleo lijalo tutaliangalia."

"Toleo lijalo ni lini?"

"Hiyo inategemea mfadhili."

Akaenda kwa Beatrice. Beatrice akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kujifuta uso.

"Wenye shida hii ni wangapi, Esnath? Mimi namjua Mwalimu tu."

"Wengine hamwajui kwa sababu hawawezi kuingia, dada."

"Si aje hapa ofisini tumjazie? Au anipigie mimi."

"Alikuwa anajaza mwenyewe."

"Najua." Beatrice akarudisha miwani. "Hata mimi nikitaka kubadilisha neno moja mle ndani lazima niwaombe wao. Juzi walikosea jina la kata ya Suma. Mpaka leo bado limekosewa."

Esnath aliingia pale na hasira, akatoka bila kujua amkasirikie nani. Kijana wa kampuni alikuwa muungwana. Beatrice alikuwa upande wake. Mfadhili hakuwahi hata kumwona. Kila aliyemfuata alikubali kwamba jambo hili si sawa, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwingine aliye mbali zaidi.

Gari likapita Kisondela siku ambayo Mwalimu hakuijua. Mvua ilikuwa imenyesha, na yeye alikuwa ndani. "Nililisikia," alimwambia Esnath baadaye. "Nilimwambia Mama Sekela, lile si gari la parachichi? Mpaka anatoka nje, limeshafika kwenye kona ya kanisa." Mzigo wake ulikomaa mitini ukaanza kudondoka. Alimsimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za mtu mwingine, na hilo ndilo lililomkata Esnath maini.

Kwenye mkutano wa wanachama uliofanyika katika ukumbi wa kanisa, Mwalimu aliomba nafasi ya kusema. Akaisogeza simu kwenye kipaza sauti, akapitisha kidole, na ukumbi mzima ukasikia: "Kitufe. Kitufe. Picha. Picha. Kitufe." Watu wakacheka. Si kicheko cha dharau, ni kile cha watu waliosikia kitu cha ajabu. Mwalimu akangoja kinyamaze.

"Ndugu zangu," akasema, "huo ndio mtandao wetu. Mimi naona huo tu."

Mzee Ambindwile alisimama, akasema kwa Kinyakyusa kwamba jambo hili limewaingia moyoni, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Watu wakapiga makofi mengi. Esnath, aliyekuwa amekaa nyuma, aliamini kwa mara ya kwanza kwamba sasa litatengenezwa.

Na kweli kampuni ilifanya kitu. Kwenye pembe ya ukurasa kikatokea kitufe kikubwa cha buluu chenye alama ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Ukikibonyeza, kilifunguka kidirisha cha kukuza herufi na kubadilisha rangi. Habari ikatangazwa kwamba mfumo sasa ni rafiki kwa watu wenye ulemavu. Walikuja watu na kamera mpaka Kisondela, wakampiga picha Mwalimu Cosmas akipeana mkono na mwenyekiti, nyuma yao miparachichi.

Esnath alikijaribu kile kitufe jioni hiyohiyo, macho ameyafumba, sauti ya simu ameiwasha. Kidirisha kikafunguka, sauti ikaingia ndani yake, na haikutoka tena. Alipapasa juu, chini, pembeni. Ilizunguka mlemle: kuza, punguza, rangi, kuza, punguza, rangi. Afadhali ya mwanzo, kwa sababu mwanzo mtu angalau aliweza kutangatanga ukurasa mzima. Akafumbua macho, akaizima simu, akakaa kwenye kiti chake bila kuwasha taa ya chumba.

Akaandika tena. Safari hii jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi: malalamiko ya watumiaji wasioona yameshashughulikiwa.

Siku chache baadaye Mwalimu akampigia. "Wamebadilisha ukurasa wa mbele," akasema. "Mama Sekela ameniingiza. Hapa juu kuna kitu kikubwa, kinasema 'picha' tu. Ni picha ya nini?"

Esnath alikuwa anaitazama wakati huohuo.

"Ni wewe, Mwalimu," akasema. "Wewe na mwenyekiti."

Mwalimu akauliza, "Nimevaa koti lipi?"

"Lile la kahawia."

"Sawa," akasema. "Nilidhani Mama Sekela alinipa la bluu."

Tangu hapo Esnath akawa macho yake. Mwalimu alimpa neno lake la siri, akimtajia herufi moja moja. "Sasa Cosmas ni wewe," akamwambia. Esnath aliingia badala yake, akaangalia siku za gari, akamjazia mzigo, akampigia kumjulisha. Mara nyingine alikuwa na kazi za wateja akachelewa. Mara nyingine mtandao ulikuwa chini. Aliona jinsi Mwalimu alivyoanza kuomba radhi kabla ya kusema shida yake. "Samahani, Esnath, najua uko kazini." Mtu huyu aliyemfundisha kugawanya na kuzidisha, ambaye darasa zima lilimwogopa, sasa anamwomba samahani kwa kutaka kujua gari linapita lini. Alimkataza asiseme hivyo. Akaendelea kusema hivyo.

Halafu simu zikapungua. Esnath alipoingia kumjazia mzigo alimpigia yeye, na Mwalimu akajibu kwamba safari hii hana kitu. Safari iliyofuata hana kitu tena. Ilipofika ya tatu Esnath alipanda bodaboda kwenda kuona.

Miparachichi ilikuwa imechumwa. Mama Sekela alikuwa akifagia majani chini yake.

"Anawauzia madalali," akasema, akiegemea ufagio. "Wanakuja wenyewe hapa nyumbani. Wanachukua kwa bei yao, mwanangu, lakini wanakuja."

Mwalimu alikuwa barazani. Waliulizana hali, wakaongea habari za mvua na za mwalimu mkuu mpya. Hakuna aliyeutaja mtandao. Chai ilipokwisha Mwalimu akatoa simu mfukoni, akamnyooshea.

"Nifutie ile ya Umoja," akasema. "Inaniletea matangazo. Inalia kila mara, nikiigusa inasema 'picha'."

"Mwalimu, nimewaandikia tena. Wamesema mwakani mkataba wa mfadhili ukiisha..."

"Esnath."

"Naam."

"Nimengoja. Nifutie."

Alichukua simu. Sauti ilikuwa bado imewashwa, na alipokuwa akitafuta ilimsomea kila alichogusa: saa, redio, Biblia, ujumbe, Umoja. Akabonyeza, simu ikamwuliza kama ana hakika, ikaliuliza swali hilo vizuri kabisa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na jina la kila kitufe likasikika. Akabonyeza ndiyo. Akamrudishia Mwalimu, naye akapitisha kidole mwanzo hadi mwisho, sikio limeinama, kuhakikisha.

"Ndaga," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa cha mkewe.

Pikapu ikapiga honi nje ya uzio. Dalali akashuka, kijana mwenye salamu nyingi na maneno ya haraka, akaanza kujaza kreti zake kwa parachichi zilizorundikwa chini ya turubai. Alizijaza mpaka ukingoni, kisha akaendelea, akapandisha kilima juu ya kila kreti, na kuhesabu kreti ile kama moja. Mwalimu Cosmas alisogea. Akaweka kiganja juu ya kreti ya kwanza, akakifuatisha kile kilima kutoka upande mmoja hadi wa pili, polepole, kama alivyozoea kupima miti yake. Akaiacha, akagusa ya pili.

Esnath akafungua mdomo.

"Acha," Mwalimu akamwambia, bila kugeuka. "Huyu asipokuja, nani atakuja?"

Kijana yule alijifanya hakusikia. Wingu la mvua lilikuwa limeshashuka juu ya migomba ya jirani na matone ya kwanza yakaanza kupiga kwenye bati. Dalali akashika kreti upande mmoja, akaangaza huku na huku akitafuta wa kumsaidia kunyanyua. Mama Sekela alikuwa ameingia ndani. Esnath akavua sweta, akaiweka kwenye benchi, akashika upande wa pili.